Ukuta Unaovuta Maji: Namna ya Kuutambua na Kuutibu

Shangazi yangu alikaa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, katika nyumba ya mawe ya matumbawe ambayo kuta zake zina unene wa karibu nusu mita. Mwaka 2009 aliniita. "Mwanangu, ukuta walia. Njoo unitizamie." Nilipofika nilikuta rangi ya sebule ya chini imebanduka kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, upande unaopakana na kichochoro. Unga mweupe ulikuwa umeanguka sakafuni kama chumvi iliyomwagika.

Wakati huo nilikuwa na miaka minane katika kazi ya plasta, nikafanya kama nilivyofunzwa. Nilibandua plasta ya zamani ya chokaa, nikapiga ya simiti, nzito, nikaimalizia kwa niru, ule mpako laini wa simiti, juu yake rangi ya mafuta. Ukuta ulipendeza. Masika ya pili yalipofika, maji yalikuwa yamepanda hadi juu ya swichi ya taa, mahali ambapo hayakuwahi kufika tangu nyumba ile ijengwe, na fremu ya mlango ilikuwa imeanza kuoza kwa chini. Mimi ndiye niliyeyapandisha. Naandika haya ili fundi mwingine asiufanyie ukuta wa mzee wake nilivyoufanyia ule, na ili mwenye nyumba ajue la kumkataza fundi.

Fikiria koroboi. Mafuta yako chini kwenye kopo, utambi unayavuta hadi juu bila mtu kuyasukuma. Jiwe la matumbawe limejaa vitundu vidogo vidogo, na ukuta unaokaa juu ya udongo wenye maji ni utambi mkubwa. Maji hupanda nayo chumvi ya ardhini. Yakifika usoni mwa ukuta huondoka na hewa, chumvi ikabaki, ikakua ndani ya plasta na kuisukuma mpaka ipasuke. Ule unga mweupe ndio huo. Kwa kawaida maji hupanda kiasi cha mita moja, na ni nadra kupita mita moja na nusu, kwa sababu kufikia hapo yanayoondoka na hewa yanalingana na yanayopanda. Plasta ya chokaa huyaachia yatoke. Simiti na rangi ya mafuta huyafungia mlango, nayo hupanda zaidi kutafuta pa kutokea. Taili za ukutani hufanya vivyo hivyo. Nimeona nyumba nyingi zilizowekwa taili hadi kiunoni ili kuficha unyevu, na baada ya mwaka alama ya maji iko juu ya taili.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ugonjwa ni huu. Maji huingia ukutani kwa njia nyingi na kila moja ina dawa yake. Anza kwa kutazama urefu. Unyevu wa kupanda huanzia sakafuni na huishia kwenye mstari, mara nyingi wa rangi ya chai, unaokwenda karibu sawasawa kwa urefu wa ukuta. Uko nyumba ya chini tu. Ukiona doa ghorofani, au doa la duara katikati ya ukuta huku chini pakiwa pakavu, hilo halikutoka ardhini. Tafuta ufa wa nje, gata lililotoboka au paipu.

Paipu haihitaji kubahatisha. Usiku, watu wakishalala, funga mifereji yote na uandike nambari za mita ya maji. Asubuhi, kabla mtu hajatia udhu, isome tena. Ikiwa imesogea, kuna paipu inayovuja, na huenda kazi yako yote ikawa ni hiyo.

Halafu kuna kuvu. Madoa meusi kwenye pembe za dari, nyuma ya kabati au katika chumba chenye eyasi (kipoza hewa), ni hewa nzito ya pwani iliyogusa ukuta wa baridi ikageuka maji. Sehemu iliyoathiriwa na unyevu wa kupanda mara nyingi haina kuvu nyingi, kwa kuwa chumvi inaizuia. Ukiwa na shaka, chukua kipande cha foili ya jikoni, ukubwa wa sahani, ukibandike ukutani kwa utepe pande zote nne, ukiache siku mbili. Maji yakiwa upande wa chumbani, tatizo ni hewa: fungua madirisha, sogeza kabati. Yakiwa nyuma ya foili, ukuta wenyewe una maji.

La mwisho linatupata sana sisi watu wa Mombasa, nalo ni chumvi iliyoingizwa na fundi. Plasta iliyochanganywa kwa mchanga wa baharini, au kwa maji ya kisima cha chumvi, hunyonya unyevu wa hewani maisha yake yote. Ukuta wa namna hiyo huloa siku ya mawingu na kukauka jua likiwaka, tena wote, juu na chini, bila mstari. Hata ghorofani utaukuta. Dawa yake ni kubandua plasta hiyo yote na kupiga nyingine kwa mchanga uliooshwa na maji matamu. Nasema hili pia kwa sababu ya vile vipimo vya mkononi vinavyowaka taa nyekundu. Vingi vinapima jinsi umeme unavyopita ukutani, na chumvi huupitisha umeme hata ukuta ukiwa karibu kukauka. Mtu akija na kipimo hicho pamoja na bei ya dawa, mwambie asubiri, kisha fanya jaribio la foili.

Ukishajua maji yanapanda kutoka chini, toka nje. Hapa ndipo nilipokosea 2009: sikutoka nje. Niliporudi kwa shangazi miaka mitatu baadaye nilichukua mti na timazi ya maji, nikapima sakafu ya sebule na usawa wa kichochoro. Kichochoro kilikuwa juu ya sakafu kwa shubiri nzima. Kilikuwa kimeongezwa simiti, kisha kabro, yale matofali ya kutandaza chini, juu ya simiti, na kila mara kinapanda huku nyumba ikibaki palepale. Zaidi ya hayo, paipu ya paa la jirani ilikuwa inamwaga maji yote ya mvua kwenye kona ya ukuta wetu. Mbele ya ukuta wa namna hiyo ningeweza kupiga plasta kumi na zote zikabanduka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuondoa maji. Usawa wa nje unatakiwa uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi. Kama ni uwani kwako, chimba udongo uliorundikana, ondoa vitanda vya maua vilivyoegemea ukuta, na uiinamishe simiti ya uwani ielekee mbali na nyumba. Weka gata, na paipu yake imwage mtaroni, isimwage mguuni mwa ukuta. Tazama pia shimo la choo na mahali panapooshwa vyombo. Ardhi ikiwa na maji mengi, chimba mfereji mwembamba wa sentimita 30 sambamba na ukuta, tia paipu yenye matundu iliyoinamishwa, ujaze kokoto. Lakini nakusihi: usichimbe kupita chini ya msingi, na usiufungue ukuta mzima kwa siku moja. Chimba mita moja, jaza, ndipo uende mita nyingine. Misingi ya nyumba nyingi za kale si ya kina kirefu.

Kichochoro si chako peke yako. Kwa jirani nilikwenda na shangazi mwenyewe baada ya alasiri, tukakaa barazani, tukazungumza, na gata likahamishwa wiki hiyo hiyo. Kuhusu kabro na chochote kinachogusa sura ya nyumba kwa nje, Mji wa Kale umehifadhiwa kisheria, kwa hiyo pita kwanza kwenye ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Chokaa na matumbawe ndiyo Wareno waliyotumia kujenga Fort Jesus kuanzia 1593, na kuzihifadhi kuta za aina hiyo ni kazi ambayo Makumbusho inaifanya kila siku.

Sasa ndani. Anza Kaskazi imeshatulia, Januari hivi, usianze mwezi wa tano mvua ikinyesha. Zima stima ya chumba kwenye meni swichi, kwa sababu soketi za chini huwa ndani ya ukuta uliolowa. Bandua plasta yote ya simiti kuanzia chini hadi nusu mita juu ya mstari wa maji. Tumia patasi na nyundo ndogo, usitumie mashine ya kutikisa, kwani matumbawe ni jiwe laini na utaondoka na ukuta wenyewe. Kwangua viungo vya mawe vilivyooza kwa kina cha sentimita mbili.

Chumvi iliyotoka usoni iondoe kwa brashi kavu, ukiikinga kwa gazeti na kuitupa mbali. Usiioshe. Ukiiosha itayeyuka na kurudi ndani. Palipo na chumvi nyingi, loweka karatasi za shashi katika maji matamu, zipondeponde ziwe uji mzito, zibandike ukutani unene wa sentimita mbili. Zikikauka zitakuwa zimevuta chumvi. Zibandue, rudia mara mbili au tatu. Ni kazi ya subira na watu wengi huiruka, lakini mimi siiruki tena.

Kisha acha ukuta wazi. Huu ndio mtihani wenyewe, maana kila mwenye nyumba anataka rangi kabla ya Idi. Hesabu ya mafundi ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, na ukuta wa nusu mita una inchi 20. Sikuambii ukae na mawe wazi miezi ishirini bila kugusa kitu. Plasta ya chokaa yenyewe inaruhusu ukuta uendelee kukauka, kwa hiyo miezi minne au mitano inaweza kutosha kuanza. Shangazi alikaa na ukuta wake wazi miezi saba. Alitaka kutundika mkeka ili wageni wasiuone, nikamwomba asitundike. Alikubali, na kila mgeni aliyeuliza alielezwa.

Chokaa ya mfuko inapatikana kwenye hadiwea. Mimina maji kwenye pipa, tia chokaa, iache imefunikwa na maji kwa wiki mbili au zaidi mpaka iwe kama mtindi mzito. Usinunue chokaa mbichi inayochemka ikiguswa na maji kama hujawahi kuishika. Hata hii ya mfuko inaunguza: vaa glavu na miwani, na ikiingia jichoni osha kwa maji mengi papo hapo, kisha uende hospitali.

Karai moja ya chokaa kwa karai tatu za mchanga mkali uliooshwa. Maji kidogo. Ziba mashimo kwanza kwa vijiwe vya matumbawe na mchanganyiko huo huo, halafu piga plasta tabaka mbili au tatu, kila moja isizidi sentimita moja, ukipisha wiki au zaidi katikati. Kabla ya kila tabaka nyunyizia ukuta maji kidogo. Chokaa haitaki kukauka kwa haraka. Inashika polepole kwa kuvuta hewa. Funika kwa gunia lenye maji siku za mwanzo, na ufunge dirisha linaloleta jua moja kwa moja. Ikipasuka nyuzinyuzi, sugua kwa ubao ingali laini. Usiongeze simiti "kidogo tu ishike", maana kwa neno hilo ndipo simiti inaporudi ukutani.

Rangi ni chokaa pia, nyembamba kama maziwa, mikono minne au mitano, kila mkono ukikauka siku moja. Mikono myepesi mingi hushika, mkono mmoja mzito hubambuka.

Nyumba za bloku za Kisauni, Likoni au Mtwapa zina hesabu nyingine. Zinatakiwa kuwa na DPC, ule utando usiopitisha maji unaolazwa juu ya msingi kwa upana wote wa ukuta, sentimita 15 kutoka usawa wa ardhi, pamoja na nailoni nzito chini ya sakafu. Unayejenga sasa, simama uione ikilazwa kwa macho yako, vipande vikipandiana bila kuacha pengo, na baadaye usiruhusu plasta ya nje wala udongo wa bustani kuivuka, maana maji yatapanda kupitia humo na kuiruka DPC. Kama nyumba ilijengwa bila DPC, bloku zilizonyooka zinaweza kutobolewa matundu ya milimita 12 kila baada ya sentimita 10 hadi 12, kwenye kiungo cha chini, na kujazwa krimu ya kuzuia maji. Hufanya kazi vizuri kiungo kikiwa kizima. Kwenye ukuta wa kale wa matumbawe usiifanye, kwa kuwa ndani yake kuna mapengo na krimu hupotelea humo.

Ule ukuta wa Kibokoni una alama hafifu hadi leo, shubiri moja kutoka sakafuni, kwa sababu kichochoro hakijashushwa. Mtoto wa shangazi ndiye anayekaa hapo sasa. Makochi yamesogezwa upana wa kiganja kutoka ukutani ili hewa ipite, na kila mwaka kabla ya Ramadhani anapiga brashi unga uliotoka, kisha anapaka mikono miwili ya chokaa pale chini. Ndoo moja inamtosha.