Kijana wako yuko kwenye fani yenye ushindani? Msaidie hivi
Kwanza acha kumuuliza kila siku "vipi, wamekupigia?" maana wakimpigia utajua tu, na hilo swali linamuumiza kuliko unavyodhani. Muulize anataka nini kwako, umsikilize tu au umshauri, halafu baki hapo hapo. Fani kama sheria, udaktari bingwa au uigizaji watu wazuri kabisa wanakataliwa mara kibao, sio uvivu, kwa hiyo habari za mtoto wa jirani weka pembeni. Hela kama unampa kubalianeni mapema ni kiasi gani na mpaka lini, na usije ukamsimanga nayo mkigombana. Mfanyie intavyuu ya mazoezi, CV ipitie akikuomba. Ila kumpigia bosi wake simu, hapana, hata kama mnajuana.