Somo: Kijapani cha kugombea na kupiga kura

Weka kwanza kibodi ya Kijapani kwenye simu. Vokali yenye mstari juu huvutwa, na ō hapa huchapwa "ou": chapa tousen upate 当選 (tōsen), kushinda uchaguzi. Ukiikatiza ukasema tosen, umetaja kivuko.

1. Uchaguzi ni senkyo 選挙. Ukitanguliwa na cheo au baraza hubaki "sen" tu: chijisen 知事選 ni uchaguzi wa gavana.

2. Mfuate mgombea hatua kwa hatua. Kutangaza nia ni shutsuba hyōmei 出馬表明. Kabla hajarudisha fomu, magazeti humwita rikkōho yoteisha 立候補予定者, mtarajiwa. Fomu (todokede 届出) hupokelewa siku ya kōji 公示 (tangazo rasmi la uchaguzi), dhamana (kyōtakukin 供託金) ikiwa imeshawekwa: yen 3,000,000 kwa jimbo la Baraza la Wawakilishi. Asipofikisha sehemu moja ya kumi ya kura halali, imeliwa. Akishapokelewa ndiyo kōhosha 候補者, mgombea.

Hapa wengi hujikwaa: kōji ni ya uchaguzi mkuu wa Bunge, hutolewa kwa jina la Mfalme wa Japani. Gavana, meya, hata uchaguzi mdogo wa mbunge, ni kokuji 告示, na hutolewa na tume ya uchaguzi.

3. Kabla ya kitenzi tumia kijineno cha Kijapani "ni", usitumie "o" ya mtendwa: chijisen ni rikkōho suru (kugombea ugavana), Tanaka-san ni tōhyō suru (kumpigia Tanaka kura). Kiswahili ndicho kinachotuponza, maana kwetu ugavana "unagombewa" na mtu "anapigiwa" kura.

MASWALI

Kōhosha na rikkōhosha ni kitu kimoja?
Kwenye uchaguzi, karibu sawa. Ila kōhosha hutumika hata kwa anayefikiriwa kupewa kazi au tuzo. Rikkōhosha amejitokeza mwenyewe kugombea.

Usiku wa matokeo runinga huandika 当確. Ndiyo kashinda?
Tōkaku ni kifupi cha tōsen kakujitsu, "ushindi ni hakika". Ni makadirio ya chombo cha habari, si tangazo la tume, ndiyo maana huweza kutoka vituo vikiwa vimefungwa tu, saa 2 usiku.

Mbona kura nyingine zina desimali?
Hizo ni anbunhyō 按分票. Mpiga kura huandika jina kwa mkono. Wakiwapo Suzuki wawili na karatasi ikasema "Suzuki" tu, kura hiyo hugawanywa baina yao kwa uwiano wa kura zao nyingine.