Fuata herufi moja: kutoka DNA hadi selimundu

Nafundisha biolojia kidato cha tano na sita. Mada hii huwashinda wengi kwa sababu wanaikariri bila kuiandika. Chukua karatasi, penseli na kifutio. Tutafuata kipande kidogo cha jeni ya beta-globini, protini iliyo sehemu ya hemoglobini inayobeba oksijeni kwenye damu. Jeni hiyo ipo kwenye kromosomu ya 11.

Hatua ya 1. Andika ACT CCT GAG GAG. Chini yake weka jozi: A hukaa na T, C hukaa na G. Utapata TGA GGA CTC CTC. Hizo ndizo nyuzi mbili za DNA.

Hatua ya 2, kunakili. Kabla seli haijagawanyika, nyuzi huachana. Zitenganishe, kila moja uiandikie mwenzake mpya. Umepata nakala mbili.

Hatua ya 3, unukuzi. Hapa nenda polepole, ndipo wanafunzi wangu wanapopotea. RNA mjumbe hujengwa kwa kusoma uzi wa chini, na mahali pa T huwekwa U: ACU CCU GAG GAG. Ukiona umeanza na UGA, umesoma uzi wa juu. Futa, urudie. UGA ni amri ya kusimama, kwa hiyo protini isingejengwa kabisa.

Hatua ya 4, tafsiri. RNA hutoka kwenye kiini, ribosomu, mashine ya seli inayojenga protini, huisoma herufi tatu tatu (kila tatu ni kodoni), na kila kodoni huleta asidi amino moja, kiungo cha protini: threonini, prolini, asidi glutamiki, asidi glutamiki.

Hatua ya 5. Sasa futa A katika GAG ya kwanza ya uzi wa juu, weka T. Rudia hatua zote. Chini inakuwa CAC, RNA inakuwa GUG, na asidi amino ya sita ya beta-globini (ya tatu katika kipande chetu) inakuwa valini. Tazama tena hatua ya 2: T hiyo imeshapata A yake, jozi ni halali, hivyo seli inalinakili kosa kwa uaminifu uleule inaonakili herufi nyingine. Valini hukwepa maji. Hemoglobini hii ikiachia oksijeni, molekuli zake hunatana kuwa nyuzi ndefu, na chembe nyekundu ya damu inapinda kama mundu. Aliyerithi nakala hii kwa baba na mama huugua selimundu.

Hatua ya 6. Rudisha GAG, kisha badilisha G ya mwisho iwe A. Soma GAA kwenye jedwali la kodoni: bado ni asidi glutamiki.