Sauti inakuja, inapotea: kabla hujaifungua amplifaya

Wateja wengi huniletea amplifaya ya zamani wakiwa wameshatoa hukumu: "Fundi, transista zimekufa." Nawauliza, ukiigonga inarudi? Inarudi. Basi si transista. Transista, kile kipande kinachokuza sauti, ikiungua, haifufuki kwa kofi. Sauti inayokuja na kuondoka karibu kila mara ni habari ya mgusano: vyuma viwili vinavyotakiwa kushikana, na havishikani sawasawa. Hapa Tanga, kwa hewa hii ya unyevu na chumvi, swichi za amplifaya ya miaka ya 1970 au 1980 hupiga weusi hata kama haijaguswa.

Bisibisi iache kwanza. Zima, kisha badilishana waya za spika: ya kushoto iende kulia, ya kulia ije kushoto. Spika ileile ikiendelea kunyamaza, ubovu uko kwenye spika au waya wake, na amplifaya umeisingizia. Ububu ukihamia spika ya pili, rudisha waya mahali pake, halafu badilishana jeki nyekundu na nyeupe zinazoingia nyuma ya amplifaya. Ukihama tena, mkosaji ni waya wa jeki au chombo kinachopiga muziki. Usipohama, sasa ndiyo amplifaya yenyewe.

Bado usifungue. Ikiwa imezimwa, zungusha kila kirungu toka mwanzo hadi mwisho, mara ishirini au thelathini: sauti, balansi, besi, kichagua chombo. Bonyeza kila kitufe vivyo hivyo. Kile kilichoandikwa Tape Monitor usikisahau, maana hakuna anayekitumia siku hizi, lakini muziki wote unapita humo. Tundu la hedifoni nalo: kwenye amplifaya nyingine lina swichi ndogo ndani inayokata spika, kwa hiyo chomeka na kuchomoa jeki mara kadhaa. Tazama na nyuma. Ukiona vyuma viwili vilivyopinda kama herufi U vikiunganisha matundu yaliyoandikwa Pre Out na Main In, vichomoe, visugue kwa kitambaa chenye spiriti, virudishe. Vimeshamponya mgonjwa zaidi ya mmoja bila mtu kufungua skrubu hata moja.

Sasa rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, nami hapa sina haraka. Ukiwasha, baada ya sekunde chache husikia "tak"? Hiyo ndiyo rilei inayounganisha spika. Kazi yake ni kuzikata spika pale umeme usiogeuka, yaani DC, unapotokea kwenye mkondo wa kutoka. Dalili ya rilei iliyochafuka ni hii: ukipiga muziki kwa sauti ya chini upande mmoja unafifia au unakwaruza; ukipandisha sauti kidogo unarudi ghafla, na ukishusha unabaki mzima kwa muda. Ni kwamba umeme mwingi unapenya ule utando mweusi kwenye ncha za rilei, umeme mdogo unashindwa.

Kabla ya kuigusa lazima ufungue kifuniko, kwa hiyo chomoa waya ukutani kabisa. Kapasita kubwa karibu na transfoma, yale makopo yanayohifadhi umeme, hubaki na chaji. Pima kwa mita, subiri hadi volti zishuke chini ya mbili. Wapo wanaozipiga shoti kwa bisibisi. Cheche zile ni hasara tupu.

Rilei yenye kifuniko kinachotoka unaweza kuisafisha: lowesha kipande cha karatasi ngumu kwa dawa ya kusafishia kontakti, kipitishe katikati ya ncha, kivute hadi kitoke cheupe. Msasa hapana, unaondoa fedha iliyopakwa juu. Iliyozibwa, nunua nyingine yenye volti zilezile za koili, yaani waya uliozungushwa ndani yake (24 ni za kawaida, lakini soma iliyoandikwa juu yake) na mpangilio uleule wa miguu.

Kama rilei hailii kabisa, au inaunga na kukata yenyewe, hilo ni jambo jingine. Inalinda. Pima DC kabla ya rilei: milivolti chini ya 50 si shida, volti nzima ni balaa. Kuna mafundi wanaoiruka rilei kwa waya ili mteja aondoke anasikiliza. Mteja huyo atarudi na koili za spika zimeungua, na amplifaya bado mbovu.

Virungu na swichi zinazokwaruza zipulizie ndani dawa hiyohiyo ya kontakti, uzungushe. Zile dawa za kulegezea skrubu zenye kutu siziruhusu mezani kwangu. Huacha mafuta, na mafuta hukusanya vumbi.

Sauti ikikatika baada ya nusu saa, amplifaya ikishapata moto, tafuta risasi ya kuchomelea (lehemu) iliyopasuka. Ikiwa inafanya kazi, sukuma bodi polepole kwa kijiti kikavu cha mshikaki, mkono mwingine uweke mfukoni, kwani humo ndani mna umeme wa volti 230. Panapokwaruza, zima, angalia kwa lenzi miguu ya soketi na rezista kubwa: utaona kiduara chembamba kimezunguka mguu. Ondoa risasi ya zamani, choma mpya.

Ukimaliza, usiunge spika zako nzuri. Tumia za bei rahisi, iache ipige kwa sauti ya chini kwa muda wa saa mbili, kisha ndiyo urudishe kifuniko.