Mchwa nyumbani: hesabu lita kabla hujatia saini

Fremu ya mlango wangu wa jikoni niliibonyeza kwa kidole, kidole kikazama kama kwenye mkate wa kumimina. Rangi ya mafuta juu ilikuwa nzima, inang'aa. Ndani hamna mti, udongo mtupu. Hii ni nyumba aliyoniachia baba hapa Fuoni, Unguja. Miimo yake ya mfenesi mchwa hawakuigusa, lakini vyumba viwili nilivyoongeza mwenyewe nilivitilia mbao za paini, na huko ndiko walikoanzia.

Nawaandikia wenye nyumba wenzangu kwa sababu nimelipa mara mbili kazi iliyotakiwa kulipwa mara moja.

Kwanza jua ni mchwa gani. Wa ardhini hupanda kutoka chini kwa vijia vya udongo vyembamba, unene wa penseli hivi, vinavyotambaa juu ya msingi na ukuta. Wa mbao kavu hawahitaji udongo kabisa: wanaishi ndani ya kabati au kitanda, na dalili yao ni vichembe vikavu kama mbegu ndogo vinavyorundikana sakafuni. Ukifagia leo, kesho vipo. Hawa dawa ya ardhini haiwagusi, kwa hiyo anayekuja kuchimba mtaro kwa ajili ya kabati lako anakula pesa yako bure. Mvua za masika au za vuli zikianza, tazama kumbikumbi. Wakiruka nje uwanjani ni kawaida, lakini wakitokea ukutani ndani ya nyumba na kuacha mbawa dirishani, kiota kimeshakufikia. Usiwachanganye na sisimizi wenye mbawa. Sisimizi ana kiuno chembamba na mbawa za mbele zimezidi za nyuma, na kumbikumbi mbawa zake nne ziko sawa.

Vijia usivikwangue vyote. Mkaguzi anavihitaji ili aone walikopitia. Vunja kipande cha shubiri moja tu, rudi baada ya siku chache. Wakikiziba, wamo.

Kabla ya kumwita mtu, zunguka nyumba. Kuni na makuti yaliyoegemea ukuta yaondoe. Maji ya kiyoyozi yanayodondokea msingi yahamishe. Vipande vya mbao za fomu ambavyo mafundi huviacha chini wakishamwaga zege, vitoe. Mimi nilikuta rundo zima nyuma ya choo.

Sasa mkataba. Wa kwanza nilioutia saini ulikuwa ukurasa mmoja: "kupiga dawa ya mchwa nyumba nzima, dhamana mwaka mmoja." Alikuja kijana na bomba la mgongoni la lita 16, akalijaza mara mbili, akanyunyiza juu juu kuzunguka kuta, na kabla ya adhuhuri ameshaondoka. Baada ya miezi mitano vijia vikarudi pale pale. Nikapiga simu, nikaambiwa dhamana ni ya kazi tu, dawa ninunue mwenyewe. Nikaisoma tena karatasi yangu, na kweli, haikusema dawa ni juu ya nani.

Hesabu ninayotaka uishike ni hii. Dawa nyingi za ardhini huelekezwa kumwagwa kiasi cha lita 5 zilizokwisha kuchanganywa kwa kila mita moja ya mtaro unaochimbwa kando ya msingi, kwa kila kina cha sentimita 30. Lebo ya dawa yenyewe ndiyo ya kufuatwa. Nyumba yangu ni mita 12 kwa 9, kuizunguka ni mita 42. Mara 5, ni lita 210 kwa kina cha sentimita 30, na huo ni upande wa nje peke yake. Mimi nilipigiwa lita 32, hata sehemu moja ya sita haikufika. Penye sakafu ya saruji iliyogusa ukuta hutobolewa kwa drili, tundu hadi tundu kama sentimita 30, dawa ikashindiliwa chini, kisha yakazibwa.

Fundi wa pili nilimuuliza kabla hatujaongea bei: "Mwanangu, nyumba hii itakula lita ngapi?" Akatoa futi, akapima, akaniambia. Huyo nikampa kazi.

Tukaandika haya, nawe yaandike: aina ya mchwa, jina la dawa na kiini chake, yaani kemikali inayoua, lita ngapi na wapi, pamoja na mchoro wa nyumba, chombo cha dawa kifunguliwe mbele yako kikiwa na lakiri, tarehe za kurudi kukagua. Dhamana ielezwe wazi. Wakirudi mchwa, je, atapiga dawa upya bila malipo, au pia atatengeneza mbao zilizoliwa? Hayo ni mambo mawili, na wengi hutoa la kwanza tu. Uliza na kitu kinachoivunja dhamana, maana ukichimba msingi wa banda jipya umeukata mtaro wenye dawa. Malipo nusu kazi ikiisha, nusu baada ya fundi kurudi kukagua mara ya kwanza. Sheha wetu, kiongozi wa serikali hapa mtaani, alishuhudia saini.

Kisima nakiombea kipekee. Ardhi yetu ya mawe ya matumbawe ina matundu, kilichomwagwa juu hushuka upesi kwenye maji tunayokunywa. Mwoneshe fundi kilipo kisima, chako na cha jirani, kabla hajafungua chombo, na kama lebo inakataza karibu na kisima, upande huo usipigwe. Watoto, kuku na mbuzi wakae mbali mpaka udongo ukauke. Kwa sababu hiyo hiyo oili chafu ya gari naikataa, ingawa majirani wanaisifu. Inakaa juu ya mbao, mchwa wanapita ndani, na mvua inaipeleka chini.

Usishtuke ukiwaona mchwa wazima siku chache baada ya kazi. Dawa kama fipronili na imidaklopridi mchwa hawazihisi. Hupita ndani yake wakaambukizana, na huchukua wiki kadhaa.

Fremu ya jikoni nimeibadilisha kwa mvule, nikamwambia seremala achague kiini cha mti, asinitilie ule upande mweupe wa nje ambao mchwa wanaupenda. Mwezi uliopita nimezunguka tena na tochi. Kile kijia nilichokivunja nyuma ya choo bado kina pengo lake.