Kompyuta haiwaki? Pima pawa saplai kabla ya kuihukumu mazabodi

Mvua zikishaanza huku Mbeya, kuanzia Novemba, meza yangu ya ufundi hapa Mwanjelwa haikosi kompyuta ya mezani iliyozimika usiku wa radi. Mwenyewe huwa keshaambiwa kwamba mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, imeungua, atafute mashine nyingine. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi kilichokufa ni pawa saplai peke yake, lile boksi linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta.

Hatua ya 1: anzia nje. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi hiyohiyo uone kama umeme upo. Badilisha waya wa umeme. Nyuma ya pawa saplai, hakikisha swichi iko upande wa I. Kama kuna kitufe chekundu cha 115/230, kiwe 230. Nusa pale inapotokea hewa. Harufu ya kuungua huwezi kuikosea.

Hatua ya 2: chomoa. Toa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi. Fungua ubavu wa kesi, piga picha, ndipo uchomoe plagi zote: ile kubwa ya pini 24 inayoingia kwenye mazabodi, ya prosesa, za hadidiski.

Boksi lenyewe la pawa saplai usilifungue. Kepasita kubwa za ndani, vifaa vinavyohifadhi chaji, huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomolewa. Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi nilizigusa, mkono ukafa ganzi hadi jioni.

Hatua ya 3: iwashe peke yake. Unganisha feni moja au hadidiski ya zamani ili iwe na mzigo, yaani kitu cha kulisha umeme. Kwenye plagi ya pini 24 tafuta waya wa kijani, uko mmoja tu. Uunganishe na mweusi wowote kwa kipande cha waya, kisha rudisha umeme. Kama nyaya zote ni nyeusi, usibahatishe: tafuta mchoro wa plagi hiyo, unayoitaka ni pini ya 16. Isipoonyesha uhai wowote, imekufa.

Hatua ya 4: ikizunguka, pima. Hapa ndipo wengi wanakosea, wanaona feni inazunguka wanasema nzima. Weka mita ya kupimia umeme (multimeter) kwenye DC 20, ncha nyeusi kwenye waya mweusi, ncha nyekundu kwenye waya wa rangi unaoupima. Waya wa njano usome volti kati ya 11.4 na 12.6, mwekundu 4.75 hadi 5.25, wa rangi ya chungwa 3.14 hadi 3.47.

Kuna mashine ililetwa kutoka Tukuyu, ilikuwa inajizima kila Windows inapofunguka. Pawa saplai ikiwa peke yake, njano ilisoma 12.1, safi kabisa. Nikairudisha kwenye mashine, nikachomeka ncha ya mita kwa nyuma ya plagi, nikawasha. Namba ikashuka mbele ya macho yangu: 11.6, 11.2, 10.8, kisha giza. Kwa hiyo pima na mzigo pia.

Hatua ya 5: chagua nyingine. Beba ya zamani hadi dukani. Dell na HP nyingi za ofisini zina umbo lake au plagi yake, na ya kawaida haiingii.

Halafu usisome maandishi makubwa ya wati. Soma lebo ya pembeni, mstari wa +12V (ndio ule wa nyaya za njano), uzidishe ampea kwa 12. Imeandikwa 500W lakini +12V ni ampea 16? Hizo ni wati 192 tu kwenye mstari unaolisha prosesa. Mashine ya ofisi isiyo na kadi ya picha inatosheka na wati 300 za kweli. Ishike mkononi pia: nyepesi kama boksi tupu, iache. Mimi nachagua mtumba uliotoka kwenye mashine ya kampuni, uliopimwa mbele yangu, kuliko mpya ya bei ya kutupa. Mwenye duka akikataa kupima, nenda duka linalofuata.

Hatua ya 6: funga. Skrubu nne, plagi zikazwe hadi zilie "ka", ukisaidiwa na ile picha.

Ukisikia ngurumo, chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi ya soketi hakutoshi, radi huruka pengo dogo kama hilo. Chomoa na waya wa intaneti, nao huileta radi hadi kwenye mazabodi.