Mashine ya Unyevu: Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujatoa Hela

Kila kipupwe malalamiko ni yaleyale. Mtoto ameamka na damu puani, midomo imepasuka, koo linakwaruza asubuhi, blanketi la nailoni ukilivuta gizani linatoa cheche. Ukimwambia mwenzio, anakuonyesha kwenye simu picha ya mashine inayofuka ukungu ili kuongeza unyevu hewani, na kukwambia agiza. Usiagize. Pima kwanza.

Kuna kipimo kidogo cha unyevu wa hewa, kinaenea kiganjani, kinaonyesha joto na asilimia ya unyevu, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya mashine. Kiweke chumba cha kulala wiki nzima, mbali na dirisha na mbali na moto, ukisome alfajiri na saa tisa alasiri, uandike. Ndani ya nyumba tunataka kati ya asilimia 30 na 50. Ikiwa siku nyingi iko chini ya 30, mashine utaifaidi. Ikiwa ni 55 au 60, rudisha pochi mfukoni na umpeleke mtoto kwa daktari, maana pua yake ina sababu nyingine.

Ninakazania kupima kwa sababu watu huzungumzia Nyanda za Juu Kusini kana kwamba ni mtaa mmoja. Iringa mjini kuanzia Agosti ni upepo na vumbi, na hewa ni kavu kwelikweli. Njombe na Makete asubuhi nje kumelowa umande, ila hewa ya baridi hubeba maji machache: hewa ya nyuzi 10 iliyojaa unyevu pomoni, ukiipasha kwa hita hadi nyuzi 22 bila kuiongezea maji, unyevu wake unashuka mpaka chini kidogo ya asilimia 50. Kwa hiyo chumba chenye hita kinaweza kukauka huku nje kuna ukungu. Halafu kuna Tukuyu.

Wifi yangu ni mwalimu. Alipokuwa Iringa, amepanga Kihesa, mwanawe alikuwa anatokwa damu puani kila Septemba. Akanunua mashine, na ilimsaidia kweli. Kisha akahamishiwa Tukuyu. Vyombo vikapakiwa kwenye Fuso, mashine ikasafiri katikati ya magodoro. Sasa Tukuyu ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi sana Tanzania, mvua ya mwaka inapita milimita 2,000, na Iringa mjini haifikii hata nusu ya hiyo. Huko unaanika shuka Jumatatu na Jumatano bado unaigeuza. Yeye kwa mazoea akaichomeka mashine usiku wa kwanza, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, akalala na amani yake.

Baada ya muda mtoto akaanza kukohoa. Mama akasema ni hewa kavu, akaongeza ukungu. Kikohozi kikazidi, akaongeza tena. Hapo ndipo watu wengi wanaponasa, kwa sababu hewa kavu inakukohoza na hewa yenye fangasi inakukohoza, na ukiwa huna kipimo hujui uko upande gani.

Nilipokwenda kuwasalimia wakati wa Pasaka, nikafungua kabati nitundike kitenge changu. Harufu ilinirudisha nyuma. Viatu vyeusi vya shule vimeota manyoya ya kijani kwenye mishono. Ubao mwembamba wa nyuma ya kabati umevimba na kujikunja hadi misumari imechomoka. Tukalivuta kabati, na ukuta wote nyuma yake ni madoa meusi, kutoka sakafuni mpaka usawa wa kiuno. Fundi tuliyemwita akapitisha kidole ukutani, akakitazama, akauliza ile mashine inawaka saa ngapi. Wifi akamwambia usiku kucha. Fundi akacheka. "Dada, hii nyumba haiumwi. Mnainywesha."

Alikuwa sahihi. Ukuta wa nje ni baridi, na nyuma ya kabati hewa haitembei, basi mvuke unaotoka kwenye mashine unakwenda kutulia hapo na kugeuka maji, na fangasi hawahitaji mwaliko mwingine. Tulipopata kipimo kilisoma 84, mashine ikiwa imezimwa. Mtoto aliishia kwenye dawa za pumu. Kabati lilitupwa, ukuta ukakwanguliwa na kupakwa upya, na madirisha sasa yanafunguliwa kila asubuhi iwe baridi isiwe baridi. Kwa hiyo ukihama, hata kama ni Mbeya mjini kwenda Rungwe tu, pima upya kana kwamba hujawahi kuwa na mashine.

Ukishapima na ukaona unaihitaji, angalia aina. Zipo zinazochemsha maji na kutoa mvuke wa moto. Zinaua vijidudu, lakini zinakula umeme na zinaweza kumbabua mtoto akizivuta. Ya wati 300 ikiwaka kwa muda wa saa nane kila usiku inameza uniti 72 kwa mwezi, na kama uko kwenye lile kundi la bei nafuu la LUKU, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, umebakiwa na uniti tatu za taa na redio. Zipo zinazotikisa maji mpaka yawe ukungu wa baridi, za wati 30 hivi, ambazo kwa muda huohuo hazimalizi hata uniti nane. Na zipo za utambi na feni: hizi hazina mbwembwe, hazifuki kitu cha kuonekana, ila kwa chumba cha mtoto mimi ndizo ninazozipenda. Vile vikopo vya kuchomeka kwenye chaja ya simu, vyenye taa za rangi, ni pambo.

Ya ukungu wa baridi inarusha hewani kila kilichomo majini. Chungulia ndani ya birika lako. Ukikuta ganda jeupe, ganda hilohilo litatua kwenye televisheni kama unga, na kwenye mapafu pia. Kuchemsha kunaua vijidudu tu, chumvi inayofanya ganda hilo haitoki yote. Maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukarudi kuwa maji, ndiyo yanayofaa, lakini usikimbilie sheli kuchukua chupa yoyote ya "maji ya betri", maana nyingine ni asidi.

Tangi liwe na mdomo wa kuingiza mkono. Kama mkono hauingii, hutalisugua, na lisiposuguliwa litaota utelezi ambao utaupumua usiku kucha. Mwaga maji kila asubuhi, kausha. Mara moja kwa wiki tumia siki, suuza, na siku nyingine jiki kidogo, suuza mpaka harufu iishe. Siki na jiki visikutane kamwe, vinatoa gesi ya sumu. Wala usitie mafuta ya mikaratusi au dawa ya kuchua kwenye tangi.

Na wale wa sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa chumbani, milango imefungwa: acheni. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na sufuria haiizuii. Kama hela ya mashine haipo, anika kanga mbichi chumbani jioni, mpake mtoto mafuta ya mgando kidogo kwenye kingo za pua, anywe maji. Mara nyingi hilo linatosha.

Mengine ni ya kawaida. Soma nyuma ya mashine kama ni ya volti 230, maana ya 110 kutoka Marekani itaungua siku ileile. Iwe inajizima maji yakiisha. Iweke juu ya stuli, isiuelekee ukuta wala kitanda, na eksitensheni isilale sakafuni chini yake. Mwenye pumu nyumbani amuulize daktari kwanza. Mvua zikianza Novemba, mwaga maji, kausha tangi siku mbili, uitunze kwenye boksi lake. Kama boksi ulishalitupa, ifunge kwa kitambaa, si mfuko wa nailoni, maana nailoni inafungia unyevu ndani na Mei utafungua ukute fangasi.